Bi Harusi Ana Wahka, Mtoto Ana Kisirani?



Leo hatuzungumzii lesi wala rangi za sare. Kuna jambo limetukaa rohoni siku nyingi, na kwa kuwa harusi za Mfungo Mosi ndizo hizo zinakuja, bora tuliseme mapema, kabla hazijaanza zile kelele za mlangoni. Watoto wanaonewa. Wanaonewa saa ile ya kutoka, nguo zimeshapigwa pasi, udi umeshafukizwa, gari inapiga honi nje, na mtoto wa miaka 6 kajitupa chini anasema haendi. Hapo kila mtu ana jina la kumpa. Shangazi anasema ana kisirani. Wifi anasema deko. Bibi anasema kiburi hicho cha kwao baba yake. Jirani aliyekuja kuomba lifti tu, naye anaona mama mtu hakulea vizuri. Jina moja halitajwi, na mara nyingi ndilo lenyewe: mtoto ana hofu.

Sisi kazi yetu cherehani. Tunashona magauni ya mabibi harusi, sare za familia na vigauni vya watoto wanaoshika maua, kwa hiyo hofu ya kutoka mbele za watu tunaiona ikivaa vipimo vyote. Njooni muone bi harusi siku tatu kabla ya siku yake. Gauni alilolijaribu wiki iliyopita likamkaa sawasawa, leo linambana kwapani. Tunatoa futi kamba, tunapima tena: kwapa ni lile lile, kiuno ni kile kile, hata nusu inchi haijaongezeka. Anagombana na dada yake kwa sababu ya mtandio. Anamjibu mama yake ovyo mbele za watu, binti ambaye siku zote sauti yake haisikiki. Anakwenda chooni mara nne. Chakula hakishuki. Na wote waliopo pale wanafanya nini? Wanacheka kidogo, wanamletea maji, wanasema mwacheni bwana, ana wahka wa harusi. Somo wake anamshika mkono. Hakuna hata mmoja anayesema hana adabu.

Wiki hiyo hiyo, duka hilo hilo, mtoto anaonyesha dalili zile zile. Nguo inabana. Tumbo linauma. Anatafuta ugomvi na mdogo wake. Anataka chooni tena. Huyu anapata kofi, au anaambiwa atazame wenzake walivyo wazuri, au anatishiwa kuachwa peke yake nyumbani na giza. Tunauliza kwa adabu zote: mwanamke wa miaka 26 aliyeuchagua ukumbi mwenyewe, akaichagua siku na rangi, anaruhusiwa kuwa na wahka. Mtoto ambaye hakuulizwa chochote, kwa nini haruhusiwi?

Hofu kugeuka ugomvi si ajabu. Mwili wa binadamu ukihisi hatari unajiandaa. Vitezi vilivyo juu ya figo vinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi yake, ndiyo maana linasokota. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 1915, na maelezo yake yanafundishwa mpaka leo: matayarisho ya kupigana na matayarisho ya kukimbia ndani ya mwili ni yale yale. Na mwili haupambanui sana kama kilicho mbele ni nyoka au ni ukumbi wenye watu 400. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo ana maneno. Atasema nina presha leo, roho iko juu, nishikeni mkono. Mtoto wa miaka 6 hana maneno hayo. Hajui kusema naogopa kutazamwa. Anajua kusema kiatu kinabana. Kukimbia hawezi, kwa sababu umemshika mkono. Kilichobaki ni kupigana, ndipo anatupa kitana, anampiga teke mdogo wake, anakwambia sikutaki. Wengine hawapigani, wanaganda. Ukimvisha, mkono anauacha mzito kama gogo. Ukimwita, kama hasikii. Na hawa nao wanaitwa wajeuri.

Tuingie kwenye nguo, maana hapa hatukubali kufundishwa na mtu.

Kuna nguo inayowasha kweli. Neti ngumu ikiachwa wazi kiunoni inakwaruza. Lesi yenye nyuzi za kung'ara ikigusa kwapa ni msasa. Mpira uliokazwa ili kigauni kikae kama cha malkia unaacha mstari mwekundu tumboni. Fundi anayeshona kigauni cha mtoto bila bitana ya pamba, akaacha mishono ya ndani imesimama, huyo ndiye wa kugombezwa. Na wako watoto ambao ngozi zao hazistahamili kabisa, kilebo kidogo cha shingoni kinawatoa machozi, na si uongo. Kwa hiyo nguo ichunguzwe kwanza. Igeuze ndani nje, pitisha mgongo wa mkono wako kwenye kila mshono. Kiganja kimezoea kazi, hakisikii kitu.

Halafu lifanye jaribio tunalowapa wateja wetu wote wenye watoto. Mvishe kigauni nyumbani, siku ya kawaida, asubuhi, hakuna safari yoyote. Mwache nacho nusu saa (embe na juisi zisiwe karibu, tafadhali). Akilalamika hapo, nguo irudi kwa fundi. Lakini kama anazunguka nacho mbele ya kioo, anajiimbia, anakaa chini na kuinuka bila neno, na kigauni hicho hicho Jumamosi jioni kinakuwa moto mwilini mwake, basi kitambaa hakijabadilika. Kilichobadilika ni kule anakopelekwa.

Kuna mteja alituletea kigauni cha binti yake wa miaka 7 mara tatu. Mara ya kwanza mikono inabana, ikalegezwa. Mara ya pili shingo, ikapanuliwa. Mara ya tatu mtoto kasimama katikati ya duka analia, na mama anasema kateni mikono yote, nimechoka. Tulimkalisha mtoto pembeni, tukampa vifungo avipange kwa rangi, na tukamuuliza kitu ambacho hakikuhusu nguo: hiki kigauni kinakwenda wapi? Akasema atapita katikati na maua, na watu wote watamrikodi kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza, nikianguka je? Alikuwa ameona video ya mtoto mwingine aliyejikwaa ukumbini, watu wanacheka, imezungushwa kwenye magrupu ya familia mpaka kwa waliopo Muscat na London. Mikono ya kigauni haikuwa na kosa lolote. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na hakusema neno.

Sasa mtatuuliza, tutajuaje? Maana mtoto mwenye njaa naye hugomba. Mtoto ambaye hakulala mchana, akaamshwa saa mbili za usiku atiwe poda, hugomba kwa haki yake. Na wako wanaogomba kwa sababu wanataka kubaki na katuni, hilo halina siri. Hatusemi kila kilio ni wahka. Tunasema tazameni mpangilio. Je, ugomvi huja kwa safari zote, au ni za ukumbini na za nyumba zenye watu wengi tu, na akiambiwa pwani anavaa mwenyewe? Je, tumbo huuma Jumamosi jioni na kupona Jumapili asubuhi? Je, anauliza swali moja mara kumi, tutarudi saa ngapi, nani atakuwepo, utakaa na mimi? Je, viatu hupotea kila mkitaka kutoka? Na ile kubwa kuliko zote: mkisema basi, hatuendi tena, je, hasira inakwisha papo hapo kama taa iliyozimwa? Mtoto aliyekasirika kwa kunyimwa kitu huendelea kununa hata mkikaa nyumbani. Mtoto aliyeogopa anashusha pumzi. Mabega yanashuka. Baada ya dakika tano anaomba maji, anacheka, na nyinyi mnazidi kukasirika kwa kudhani alikuwa anawachezea.

Tunajua jawabu la wakubwa zetu. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Tunawaheshimu, na dua zao tunazihitaji, lakini hapa hatuwafuati. Hebu tazameni vizuri harusi ijayo. Kuna mwanamke mzima ambaye kila ukipelekwa mwaliko kichwa kinamuuma. Kuna anayekuja watu wanakaribia kuondoka, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na watu wanasema anaringa. Kuna anayewapigia makelele watoto wake wote kabla ya kutoka, siku zote, na akishafika na kukaa anakuwa mpole kama maji ya mtungini. Hatusemi tunajua vifua vya watu. Tunasema bakora haikuwahi kumfundisha mtu kutoogopa. Inamfundisha kuificha hofu, na hofu iliyofichwa haiondoki, inatafuta mlango mwingine wa kutokea. Tena fikirini hesabu yenyewe: mtoto anaogopa ukumbi, halafu anachapwa kwa sababu ya ukumbi. Safari ijayo ana mambo mawili ya kuogopa.

Wengine wanasema haya ni mambo ya kizungu, ya kwenye tivii, watoto wetu hawana maradhi ya namna hii. Hapo tunashangaa kweli kweli, kwa sababu Qur'ani tunaisoma. Nabii Musa, alayhi salaam, alipoamrishwa aende kwa Firauni, alimweleza Mola wake kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake haufunguki, akaomba ndugu yake Harun awe pamoja naye. Imo katika Surat Shu'araa. Huyu ni Nabii, aliyesemezwa na Mwenyezi Mungu, na kabla ya kutoka kwenda mbele za watu alieleza kifua na ulimi, akaomba mwenza. Hakuambiwa ana kisirani. Alipewa Harun. Mwanao wa miaka 6 anapokung'ang'ania baibui asikuachie, anaomba Harun wake, na Harun wake ni wewe.

Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kisa chake na Abu Umayr kila aliyepita chuoni amekisikia. Mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake cha kuchezea, kidege kikafa. Mtume alipomwona ana huzuni aliuliza ana nini. Kwanza aliuliza. Mtu mwenye mzigo wa umma mzima mabegani alipata nafasi ya kumuuliza mtoto habari za kidege. Sisi wenye mzigo wa kuwahi kiti cha mbele hatuna nafasi hiyo?

Hata hao wanaosema elimu ya hofu imetoka Ulaya wamesahau kwao. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na siha ya nafsi. Kwenye upande wa nafsi alizungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na dawa yake, na aliwalaumu matabibu wanaoushughulikia mwili wakaisahau nafsi. Hiyo ni karibu miaka 1,000 kabla ya huyo Cannon tuliyemtaja.

Jicho tunaliamini, na majini wapo. Mtoto asomewe, azkari za jioni zisiachwe, hilo hatubishani. Lakini mtoto anayelia kila mkienda ukumbini na halii mkienda pwani, kabla hamjambeba usiku usiku kwa mganga, mumuulize kuna nini ukumbini. Swali halilipiwi.

Sasa wako waliotuelewa nusu, na nusu hiyo inatutia wasiwasi kuliko wale wasiotuelewa kabisa. Wao wamefuta kila kitu. Mtoto hapendi, basi habari imekwisha, kila harusi anaachwa kwa bibi, kila Siku Kuu wenzake wanakwenda Mnazi Mmoja kwenye bembea yeye yuko ndani na simu. Jamani, hiyo si huruma. Kila akiepushwa anapata raha kubwa papo hapo, na raha hiyo inamfundisha kwamba kweli kule kulikuwa na hatari na amenusurika. Hofu inanenepa kwa kulishwa hivyo. Leo ukumbi, mwakani skuli, baadaye hata kwenda dukani kununua mkate. Wanaotibu hofu za watoto wanafanya kinyume chake: wanamsogeza mtoto kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, hatua aliyoizoea kabla ya hatua mpya, na mtu anayemwamini yuko ubavuni. Kama anavyofundishwa kuogelea. Mwanzo maji ya vifundoni.

Kwa hiyo anzeni na hina. Nyumba ya hina ina watu kumi na watano, wote anawajua, na anaweza kujilaza mapajani mwako. Wiki ya pili mpelekeni kwenye akdi ya mtu wa karibu, mkae saa moja. Ukumbini nendeni mapema, kabla hapajajaa, viti vitupu, spika hazijawashwa. Mtoto anayeingia mahali pakiwa kimya na kuona watu wanaongezeka mmoja mmoja hapati ule mshituko wa kusukumwa mlangoni kwenye macho 400 na ngoma. Mchagulieni kiti, mwonyesheni choo kiko wapi. Mnaacha sana hili la choo. Mtoto asiyejua choo kiko wapi hatulii.

Mwambieni tangu jana yake, wala si nusu saa kabla. Na mwambieni kweli. "Mwanangu, kesho baada ya Isha tunakwenda harusi ya mama mdogo. Patakuwa na watu wengi na kelele. Utakaa na mimi na bibi. Wakishaleta keki tutarudi." Na keki ikiletwa, rudini. Mama anayesema dakika tano halafu akakaa saa mbili anabomoa alichojenga. Siku yenyewe mlisheni kabla, mlazeni mchana, na wewe mwenyewe vaa mapema. Tunalisema hili kwa sababu tunawajua wateja wetu: mama anafungwa zipu huku anamtafuta mtu wa kumpaka wanja huku anapiga kelele viatu viko wapi. Moyo wa mtoto unausoma moyo wa mama kabla ya maneno. Nyumba ikiwa na hamkani, naye atahamkika.

Akianza ugomvi, usianze na nguo wala na adabu. Chuchumaa, macho yako yawe sawa na yake, muulize: moyo unakwenda mbio? Tumbo linazunguka? Mtoto wa miaka 5 anaweza kujibu hilo hata kama hawezi kujibu kwa nini unalia. Mpe jina la kitu chake. Hiyo inaitwa wahka, hata mimi ninapata, hata mama mdogo leo anao. Pumueni pamoja taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Teke alilompiga mdogo wake lisiachwe. Ataomba radhi, na haki ya mdogo ipatikane. Kuielewa hofu yake hakumpi ruhusa ya kuumiza watu. Lakini ataomba radhi akiwa ametulia, na ataiomba kweli.

Na mambo ya mashavu. Kuna desturi ya kumvuta mtoto mbele ya kundi la kina mama asiowajua, mpe mkono huyu, mbusu yule, sema jina lako, kanyamaza, eee mtoto gani huyu bubu. Salamu ni sunna na watoto wafundishwe. Lakini salamu ya mkono au hata ya kuinamisha kichwa inatosha. Kumlazimisha mtoto apakatwe na abusiwe na watu asiowajua, halafu kumcheka akikataa, hakuna sunna ndani yake. Tena wako watoto wanaozungumza nyumbani kama kasuku na mbele za watu sauti inakatika kabisa, miezi kwa miezi, hata skuli. Madaktari wanaijua hali hiyo na wanaihesabu kuwa ni ya hofu. Kumwita bubu hakumrudishii sauti.

Nyinyi mabibi harusi, tumewaweka mwisho lakini nyinyi ndio wenye ukumbi. Mnapenda watoto sita mbele yenu na vikapu vya maua, wote kimo kimoja, picha itoke vizuri. Sawa, inapendeza, na sisi ndio tunaoshona na tunapata riziki yetu. Lakini waulizeni kwanza. Waulizeni watoto wenyewe, mama zao wataitikia tu kwa kuwaonea haya. Anayesema hataki aachwe, na asitajwe jina kikao kizima. Mnawapamba saa kumi za jioni na nyinyi mnaingia saa tano za usiku. Mtoto wa miaka 5 amekaa saa saba na pini kichwani asiruhusiwe hata kuegemea ukuta, halafu mnashangaa akitupa kikapu. (Rangi ya mdomo kwa mtoto wa miaka 5 ni mada nyingine, na siku yake inakuja.) Waleteni ukumbini asubuhi wapite mara mbili tatu pakiwa patupu, na viatu watakavyovaa. Na waombeni wageni wenu, mwombeni na MC atangaze, kwamba watoto hawarikodiwi. Mnatangaza hivyo kwa ajili ya stara ya wanawake na watu wanatii. Mtoto naye ana stara yake.

Kuna hofu ambayo ni ya umri. Mtoto wa kuanzia kama miezi 8 mpaka miaka miwili mitatu kumlilia mama yake akitoka ni kawaida. Lakini kama mtoto mkubwa hofu imemganda wiki nyingi, hataki skuli wala chuoni, halali, ndoto mbaya, hali, tumbo kila siku na daktari wa tumbo hakuona kitu, hapo msibaki na ushauri wa mafundi cherehani. Nendeni hospitali, waulizeni wanaoshughulikia afya ya akili ya watoto. Tunajua mkisikia afya ya akili mnaona Kidongo Chekundu na maneno ya watu barazani. Watu watasema wiki mbili, watachoka. Matibabu ya hofu kwa watoto kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, kama hayo tuliyoyaeleza ila kwa ujuzi zaidi, na kisomo chenu kinaweza kuendelea sambamba nayo.

Kwa wateja wetu wa Mfungo Mosi: vigauni vya watoto vitakuwa tayari siku kumi kabla ya harusi, na tunaomba mje kuvichukua siku hiyo, msingoje usiku wa kuamkia harusi. Mje na mtoto mwenyewe, asubuhi, kabla ya saa nne, duka likiwa halijajaa. Vifungo vya kupanga rangi vipo. Bitana zote ni za pamba, na hiyo haiongezi bei.